Macho mekundu yenye damu, eti ukimtazama mgonjwa unaambukizwa?

SWALI: Habari daktari, mimi ni mama, nauza nguo sokoni hapa Arua. Mtoto wangu alirudi toka bodingi jicho moja jekundu, kesho yake la pili nalo limevimba na lina madoa ya damu kama mtu aliyepigwa ngumi. Jirani anasema tusimtazame machoni, mwingine anasema nimwoshe na mkojo. Atapofuka kweli? Imetoka wapi hii?

JIBU: Pole sana mama, najua hiyo damu inatisha, lakini imetoka kwa vimishipa vidogo vilivyopasuka chini ya kile kingozi chembamba kinachofunika weupe wa jicho, haijaingia ndani, na itaisha yenyewe polepole kama alama ya kugongwa. Wengi wanapona ndani ya wiki moja hivi bila kupofuka.

Kinacholeta ugonjwa huu wa macho mekundu ni virusi, hasa aina mbili zinazoitwa enterovirusi 70 na coxsackie A24. Kwa mara ya kwanza ulionekana Ghana 1969, mwaka ule ule chombo cha anga cha Apollo 11 kilitua mwezini, ndo maana kule wakauita Apollo. Na hapa kwetu Uganda mwaka 2024 uliingia mpaka magerezani, maana unapenda sana pale watu wamebanana.

Sasa kutazamana hakuambukizi kabisa mama! Ni mikono. Mtoto anapangusa machozi na kiganja, anashika kopo la maji, mwenzake anashika kopo lile lile alafu anajikuna jicho, basi, siku moja au mbili na yeye ameamka kope zimegandana. Huko bodingi beseni moja wananawia wanne, taulo moja wanaazimana, unategemea nini?

Kwa hiyo mpe taulo lake na beseni lake, asilale mto mmoja na wadogo zake, wote mnawe na sabuni, na shule asirudi mpaka macho yaache kutoa machozi. Mkande na kitambaa safi chenye maji baridi. Mkojo usiweke, nakuomba sana, unaweza kumwongezea vijidudu vingine vibaya zaidi. Antibayotiki haiui virusi, na zile dawa za matone zenye steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe) usinunue dukani bila kuandikiwa, wala msitumie chupa moja nyumba nzima maana ile ncha ikigusa kope imeshabeba ugonjwa.

Akianza kuona ukungu, mwanga ukamuuma sana, usaha mzito ukatoka au miguu ikaishiwa nguvu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.