Jibu: Binti anapenda fizikia, ndugu wanamkatisha tamaa

Dada yangu wa Mafinga, umeuliza ufanye nini na binti yako wa kidato cha pili anayependa fizikia, ilhali ndugu wanashikilia kwamba masomo ya sanaa ndiyo yanayomfaa msichana. Nakusihi usikubali aiache, kwa kuwa anayeiacha fizikia kidato cha tatu hawezi tena kuchukua mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) kidato cha tano. Mimi ni mwalimu hapa Mbeya, na ninachokiona maabarani ni kwamba wavulana huunganisha nyaya huku wasichana wakiachiwa kuandika matokeo. Muhula uliopita nilimkabidhi binti mmoja betri, nyaya na balbu, afanye peke yake; balbu ilipowaka aliizima na kuiwasha tena mara tatu, na tangu siku hiyo hukaa benchi la mbele. Likizo ikifika, mpeleke akakione Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambako stashahada za uhandisi huwapokea hata waliomaliza kidato cha nne, au kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole. Nyumbani nako, tafadhali, mgawane kazi za jioni na kaka zake, apate muda wa kusoma kabla hajachoka.