Chama cha mkeo si mtaji wako

SWALI: Shangazi, mimi ni fundi wa stima, nina miaka 34, naishi Kiamunyi hapa Nakuru na mke na watoto wawili. Kwa muda sasa nacheza poka, ule mchezo wa karata wa pesa, mtandaoni usiku. Si kamari kama ya mpira, ni mchezo wa akili, na Januari nilitoa elfu tisini. Siku hizi bahati imenigeuka, hata ree mbili, karata bora za kuanzia, zinavunjwa. Nilimwomba mke wangu elfu arobaini za chama chake niongeze mtaji, nirudi kwenye meza yangu ya kiingilio cha dola 50. Alikataa, na sasa amebadilisha nambari ya siri ya M-Pesa yake. Ananipikia lakini haongei. Mwanamke asiyemwamini mumewe ni wa kuishi naye kweli? — Baba Wawili

JIBU: Pole kwa kuliwa, mwanangu. Pesa ikienda inauma, na nyumba ikinyamaza inauma zaidi.

Sasa niambie, ulijuaje kwamba amebadilisha nambari ya siri? Simu ni yake, laini ni yake. Uliingiza ile ya zamani ikakataa, tena nadhani alikuwa amelala. Hilo hukutaka nilione. Na hizo elfu tisini za Januari umezitaja haraka. Ulizotia kabla yake na baada yake, kimya. Mkeo anazijua, kwa sababu yeye ndiye anayeona unga ukiisha tarehe kumi na tano.

Kwamba poka ina akili, sikubishii. Mnacheza nyinyi kwa nyinyi, mwenye tovuti anakata chake kwenye dau, na muda ukiwa mrefu anayejua humla asiyejua. Lakini wanaojua huanza na pesa, si na karata. Hawakai mezani kabla hawajaweka kando kiingilio cha meza hiyo mara 20 au 30, na wengine huweka zaidi. Ree mbili zikikutana na wafalme wawili, pesa zote zikiwa zimeingia kabla ya karata za mezani kufunuliwa, hushinda takriban mara 82 katika 100. Zile 18 zilizobaki si mkosi wala jicho la jirani. Ni hesabu, na zinaweza kukuangukia hata mara mbili tatu usiku mmoja.

Haya, tupige yako. Dola 50 mara 20 ni dola 1,000, karibu shilingi 130,000. Wewe unaomba 40,000, dola 300 hivi, viingilio sita tu. Usiku mmoja mbaya na chama kimekwisha. Pesa kama hiyo ni ya meza ya dola 10, na hata hapo iwe yako. Umeliwa meza ya juu, badala ya kushuka unataka kurudi palepale kufukuza hasara. Akili iko wapi hapo?

Pesa ya poka ni ile ambayo ikiisha leo, kesho watoto wanakunywa chai na kwenda shule kama kawaida. Ya chama ina zamu, ina wanawake waliochanga mia kwa mia, na siku ya kulipa atakayetazamwa usoni ni yeye. Mkeo hajacheza hata mkono mmoja, lakini kanuni ameishika kuliko wewe. Niko upande wake.

Ndoa za siku hizi zinanihuzunisha hapa. Kamati ya harusi inakaa miezi mitatu kwa ajili ya hema na keki, lakini wakishaoana hakuna anayejua mwenzake anadaiwa wapi. Mume ana mkopo kwenye simu, mke ana akiba chini ya godoro, na simu zote zinalazwa kifudifudi. Akibanwa mmoja, analia haaminiwi. Imani ya mke haidaiwi kama kodi, baba. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na nyumba nyingi ninazoandikiwa hazina hilo daftari.

Swali lako nalijibu: ndiyo, ni wa kuishi naye, na umshike sana. Leo jioni mwombe radhi kwa kumpekulia simu. Mwonyeshe madeni yote. Sitashangaa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ikiwemo, na hiyo hutoza kila siku, kwa hivyo ilipwe kwanza. Baadaye mkubaliane kiasi kitokacho kwenye kazi zako za stima baada ya kodi, karo na chakula. Elfu sita zinatosha meza ya dola 2, ile ambayo dau zake za lazima ni senti 1 na 2. Zikae peke yake. Kila usiku andika ulichoingia nacho na ulichotoka nacho, na mkeo awe huru kulifungua daftari hilo. Zikiisha, umeacha mpaka mkae tena wawili. Ukiongeza kisirisiri hata mara moja, futa hiyo programu na umwone mshauri nasaha, maana shida yako si mtaji tena. Na pesa za chama usizitaje tena nyumbani humo.