Maswali na Majibu: Kisu cha Moto cha Umeme Katika Karakana

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa mabegi hapa Busia, upande wa Uganda. Nilinunua kisu cha moto cha umeme, kile chenye umbo la bastola, ili nikate mikanda ya nailoni na vitambaa bila nyuzi kufumuka. Mwanzoni kilikata vizuri, lakini siku hizi kinachelewa kupata moto, kinaacha kingo nyeusi zenye nundu, na mpini wake unapata joto kiasi cha kunitia hofu. Vijana ninaowafundisha kazi wanalalamika kwamba moshi wake unawawasha macho na koo. Je, kifaa kimekufa, au sisi ndio hatujui kukitumia? Na moshi huo una madhara?

JIBU: Ndugu fundi, kwa dalili ulizoeleza, kifaa chako huenda hakijafa, ila kinahitaji kuhudumiwa, na nyinyi wenyewe mnahitaji kubadili namna ya kukishika. Kisu hiki hakikati kwa nguvu ya mkono bali kwa joto, na sehemu kubwa ya uharibifu na ajali hutokana na mtu kukikandamiza kana kwamba ni kisu cha jikoni.

Ndani ya mpini mna transfoma ambayo hupokea umeme wetu wa volti 240 na kuushusha hadi volti chache mno, huku mkondo wake ukiongezeka sana. Mkondo huo hupita katika bapa lenyewe, yaani kile chuma kinachokata, nalo hupata moto kwa sababu ya ukinzani wake, yaani jinsi linavyozuia umeme kupita. Sasa, mahali bapa linapofungwa kwa skrubu pakilegea, au pakishika kutu na masizi, ukinzani huhamia hapo, na joto lililopaswa kuwa kwenye makali huzaliwa kwenye maungio, karibu na mkono wako. Ndiyo maana bapa linachelewa na mpini unaungua. Chomoa plagi, subiri kifaa kipoe kabisa, fungua bapa, sugua sehemu za mgusano kwa msasa laini mpaka chuma king'ae, kisha rudisha na ukaze skrubu barabara. Zikague kila wiki, kwa kuwa chuma kinachopata moto na kupoa mara kwa mara hulegeza skrubu zake. Bapa likiwa limeliwa au limekuwa jembamba, nunua la aina ileile. Mafundi wengine huchonga bapa kutoka kwenye msumeno wa chuma. Siwashauri, kwa kuwa ukinzani wake ni tofauti na transfoma huweza kuelemewa.

Sababu ya pili ya mpini kupata joto ni kukosa pumziko. Visu vingi vya aina hii havikuundwa kuwaka mfululizo. Soma kibandiko chake: kikiandikwa sekunde 15 za kazi na sekunde 45 za kupumzika, maana yake ni kwamba katika kila dakika kiwashio kinaruhusiwa kubonyezwa kwa robo yake tu. Anayekata mikanda mia moja kwa siku na hataki kusubiri anahitaji aina nyingine, ile yenye kipashajoto cha ndani kama cha pasi, ambayo inaweza kuwaka muda mrefu na mara nyingi ina kirekebisha joto.

Kingo nyeusi zinaonyesha kwamba bapa lina joto kupita kiasi, au linakaa mno mahali pamoja. Nailoni ya kawaida huyeyuka kati ya nyuzijoto 220 na 260 za Selsiasi, poliesta karibu na 255, na polipropilini karibu na 165. Bapa lililoanza kuwa jekundu limekwisha kuvuka nyuzijoto 500, yaani karibu maradufu ya kinachohitajika kwa nailoni, kwa hiyo haliyeyushi tena bali linachoma. Bonyeza, acha lipate moto bila kuwa jekundu, lipitishe polepole kwa mwendo mmoja, kisha achia kiwashio kabla hujafika mwisho wa mkanda, kwa kuwa joto lililobaki linatosha kumalizia. Chini ya mkanda weka kioo kinene au kigae. Chuma hunyonya joto la bapa, na mbao huungua. Mabaki yaliyoganda yasafishe bapa likiwa vuguvugu na plagi ikiwa imechomolewa, kwa brashi ya nyuzi za shaba ya manjano. Usitumie tupa.

Kuhusu moshi, vijana wako wana haki ya kulalamika, na ninakuomba uwasikilize. Nailoni inayoyeyuka vizuri hutoa moshi kidogo, lakini nailoni inayoungua hutoa kaboni monoksaidi, amonia, hata haidrojeni sianidi, ambayo ni sumu kali. Kwa hiyo moshi mwingi ni ushahidi wa ukataji mbaya. Hamisheni meza karibu na dirisha, mweke feni inayovuta hewa kuelekea nje badala ya kuupuliza moshi usoni mwa aliyeketi mkabala, na msidhani kwamba barakoa ya kitambaa inazuia gesi, maana haizuii.

Zaidi ya hayo, mabegi mengi yana vipande vya ngozi bandia, na nyingi kati ya hizo ni plastiki iitwayo PVC, sawa na turubai nzito za malori. PVC ikichomwa hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho na koo huwa asidi, na huwezi kuikwepa kwa kupunguza joto kidogo. Mwasho unaousimulia unanifanya nishuku kwamba mnakata ngozi bandia kwa kisu hicho. Ipo njia ya zamani ya kutambua: nje ya nyumba, shika waya wa shaba kwa koleo, uuchome mpaka uwe mwekundu, ugusishe kwenye kipande, kisha urudishe motoni. Ndimi za moto zikigeuka kijani kibichi, chukulia kwamba kuna klorini, na kipande hicho ukikate kwa mkasi. Pamba na katani nazo zikatwe kwa mkasi, kwa kuwa haziyeyuki. Huungua na kushika moto.

Hukutaja gundi, lakini najua hakuna fundi wa mabegi asiye na kopo lake. Mvuke wa gundi ya kubandikia ngozi na soli hushika moto haraka sana, tena ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi mahali usipopatazamia. Kopo likiwa wazi, kisu kisiwashwe. Vipande vya vitambaa vifagiliwe mbali na meza, na kisu kilazwe kwenye kishikilio cha chuma, kamwe si juu ya kazi.

Umeme ukikatika, chomoa plagi papo hapo. Kisu chenye kipashajoto cha ndani kilichoachwa kimewashwa huanza kupata moto tena saa nane za usiku umeme unaporudi, duka likiwa limefungwa. Katika plagi yetu ya miguu mitatu, kifaa cha wati 200 hakivuti hata ampea moja, kwa hiyo kinatosheka na fyuzi ya ampea 3. Ile ya 13 inaweza kuuacha waya uungue kabla haijakatika yenyewe. Waya uliochubuka ubadilishwe wote, usifungwe kwa utepe, kwa kuwa bapa hilo hilo ndilo linaloweza kuugusa.

Nailoni iliyoyeyuka ikimdondokea mtu, weka mahali palipoungua chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usibandue plastiki iliyogandamana na ngozi, wala usipake dawa ya meno au samli. Kama jeraha ni kubwa, au liko usoni au mkononi, mpeleke kituo cha afya.

SWALI: Sisi ni wavuvi wa Katosi. Ncha za kamba zetu tunazikata kwa kisu cha moto, lakini zinatuchana viganja, na nyingine hufumuka ndani ya wiki chache. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu wavuvi, plastiki iliyoyeyuka hutengeneza ukingo mgumu, mkali kama gamba. Kabla haujaganda, uviringishe kwa ubavu wa kijiko cha chuma kilicholoweshwa maji, msitumie vidole. Jueni pia kamba yenu ni ya aina gani kwa kutumbukiza kipande katika beseni: polipropilini na polithini huelea, nailoni na poliesta huzama. Inayoelea inataka joto dogo zaidi. Kwa kamba ya nanga au ya kuvutia mtumbwi, kuyeyusha ncha peke yake hakutoshi, maana gamba hilo hupasuka kamba inapopigwa na mawimbi. Kwanza izungushieni ncha uzi imara, kwa upana unaolingana na unene wa kamba, ndipo muyeyushe.

SWALI: Niko Arua na ninatumia sola. Kisu changu cha bastola kinavuma kwa sauti kubwa nikikiwasha kwa inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Je, ni hatari?

JIBU: Ndiyo, usiendelee. Inveta za bei nafuu hutoa wimbi la umeme lenye vidato badala ya lile laini, na transfoma ya kisu hulipokea kwa kuvuma na kupata joto la ziada. Tumia inveta ya wimbi laini, au kisu chenye kipashajoto cha kawaida kisicho na kirekebishaji cha kielektroniki, ambacho hakijali umbo la wimbi. Kumbuka tu kwamba wati 150 kutoka betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 12, hivyo nyaya za kutoka kwenye betri ziwe nene na fupi, na ukataji mwingi ufanyike mchana jua likiwa kali.