Waserbia wamempataje mtakatifu wa Wagiriki?

SWALI: Mhariri salamu. Shemeji yangu ni baharia, meli yao ilitia nanga Trieste kule Italia akanirushia picha ya kanisa moja lina makuba ya bluu, anasema ni la Othodoksi, la Waserbia, linaitwa San Spiridione. Sasa mimi huyo Spyridon namjua, alikuwa mchunga kondoo kule Kupro akaja kuwa askofu, na masalia yake yako Corfu, yaani ni mtu wa Wagiriki kabisa. Waserbia wamempataje? Na hata hao Waserbia wenyewe Italia walifuata nini?

JIBU: Walifuata biashara, hakuna kingine. Trieste zamani haikuwa Italia, ilikuwa chini ya Austria, na mwaka 1719 Kaizari Karl VI akaitangaza kuwa bandari huru, basi wafanyabiashara wakaanza kumiminika, Wagiriki kutoka visiwani kwao na Smyrna (Izmir ya Uturuki ya leo), Waserbia kutoka Herzegovina na pwani ya Kotor. Binti yake, Maria Theresa, alikuwa Mkatoliki wa kufa mtu na kwingine hakuwa mpole hata kidogo kwa watu wa dini nyingine, Wayahudi wa Praha aliowafukuza mjini kwao wanamjua, lakini mwenye pesa si mwenzako bwana, mwaka 1751 akawapa Waothodoksi wa Trieste ruhusa ya kuwa na kanisa lao.

Hapo ndipo jibu lako lilipo. Lile kanisa la kwanza walilijenga kwa pamoja, Wagiriki na Waserbia, imani moja na mfuko mmoja, wakamchagua huyo Spyridon ambaye mabaharia wa upande ule walikuwa wanampenda sana. Tabu ikaja kwenye ibada, ifanyike kwa Kigiriki au kwa Kislavoni, ile lugha ya kale ya ibada ya Waserbia? Padri awe wa kwao nani? Mnaweza kukubaliana kila kitu kuhusu Mungu mkashindwana kuhusu nani anasoma na kwa lugha gani, na hawa walizozana miaka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1780 Wagiriki wakajitoa, wakaenda kujijengea la kwao, San Nicolò, lile lenye minara miwili ya kengele linalotazama bahari. Waserbia wakabaki na kanisa, na mtakatifu akabaki nao. Kumbadilisha jina wala hawakuhangaika.

Ila alilopiga picha shemeji yako sio lile la zamani. Mtaa ule wote ulijengwa juu ya mashamba ya chumvi yaliyofukiwa, ardhi yake laini, jengo likawa halina msingi wa kuaminika wakalibomoa 1861, halafu akaletwa msanifu Carlo Maciachini, ndiye huyo huyo aliyechora makaburi makubwa ya Milano, akawainulia hili lenye kuba moja kubwa na madogo manne na picha za mozaiki zenye dhahabu ukutani kwa nje. Hela ilikuwepo maana wakati huo Waserbia wa Trieste walikuwa matajiri wa meli na nafaka, nenda pale kando ya mfereji utaona jumba la Gopcevich, familia ya Kiserbia, siku hizi ni makumbusho ya mambo ya tamthilia.

Mwambie shemeji akishuka tena asiishie kupiga picha nje. Ndani kuna taa kubwa ya fedha tupu inaning'inia, zawadi ya Paul Petrovich wa Urusi kabla hajawa Tsar, ni ya enzi za lile kanisa la kwanza. Akitoka hapo aende kwa mguu mpaka San Nicolò ufukweni, sio mbali kabisa, na lenyewe bado ni la Wagiriki mpaka leo.