Skolashipu yangu iliwanufaisha wao

Juzi kijana mmoja wa Mwanza kanitumia ujumbe: "Dada, nimepata skolashipu Marekani, kila kitu bure! Nipe ushauri." Nikampa hongera, kisha nikakaa na simu mkononi. Hilo neno "bure" na mimi niliwahi kulipigia vigelegele.

Sisi tulikuja huku kwa grini kadi, baba alibahatika kwenye bahati nasibu. Kwa hiyo nilijaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali, sawa na mwenyeji yeyote. Chuo kikanipangia Pell Grant (ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wa kipato kidogo), ruzuku yake chenyewe, kazi ya kuosha vyombo kantini, na mkopo wa dola 5,500. Mkopo ule ulininyima usingizi. Nyumbani kwetu deni ni aibu. Nikaandika insha 19 (narudia: 19, huku nasoma na naosha masufuria) kuomba skolashipu za nje, mpaka taasisi moja ikanipa dola 6,000. Mama akapika pilau. Nikasema mkopo basi, umekwisha.

Barua nikaipeleka mwenyewe ofisi ya misaada, natabasamu. Baada ya wiki mbili mpango mpya ukaja: ruzuku ya chuo imepungua kwa dola 6,000. Mkopo uko palepale. Jasho langu likawa limewapunguzia wao mzigo! Mama wa dirishani akanieleza, kwa upole ulioniudhi zaidi, kwamba misaada ya mtu haiwezi kuzidi gharama ambayo chuo kimemkokotolea. Sawa. Ila pa kukata, chuo ndicho kinachagua. Vingine huanza na mkopo au kazi, changu kilianza na ruzuku. Jimbo la Maryland lilitunga sheria mwaka 2017 kuvibana vyuo vya umma kwenye mchezo huu. Mimi sikuwa Maryland.

Nikadhani yamekwisha. Msimu wa kodi nikapokea fomu 1098-T. Kisanduku cha 1 ni ada iliyolipwa, cha 5 ni skolashipu na ruzuku zote, na changu cha 5 kilikuwa kikubwa kuliko cha 1. Ile ziada ilikwenda bwenini na tumboni, na kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hicho ni kipato. Kwa anayesomea digrii, fedha ya ada, vitabu na vifaa vya lazima vya kozi haitozwi kodi. Ya kulala na kula inatozwa. Mshahara wa kantini ulikuwa unakatwa kodi kila malipo, lakini skolashipu hakuna aliyeikata, kwa hiyo deni likaja lote siku moja. Nililipa kwa akiba ya kuosha masufuria.

FAFSA ya miaka miwili baadaye ikasoma kodi zangu za mwaka ule wa skolashipu. Kuna swali linalouliza ni kiasi gani cha skolashipu ulichotangaza kama kipato, ili kiondolewe kwenye hesabu. Nililiruka. Nikaonekana tajiri.

Sasa nisikilizeni wadogo zangu. Tatizo letu hatusomi barua, tunapiga nazo picha. Kabla hujaipokea skolashipu ya nje, andikia chuo uulize: mtakata nini kwanza? Omba wakate mkopo. Taasisi nyingine hukubali kugawa fedha kwa miaka miwili ukiomba, basi omba. Na tenga ya kodi. Nasema tena, tenga ya kodi. Wazazi wanaokutangaza kama tegemezi kwenye fomu yao ya kodi nao waulizie nafuu ya kodi ya masomo: ada ya dola 4,000 isiyolipwa na skolashipu inaweza kuwapunguzia kodi hadi dola 2,500. Sisi ilitupita, hakuna aliyetuambia.

Wewe wa Mwanza, ukija kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, FAFSA sahau. Na usidhani hutozwi kodi: ile sehemu ya malazi na chakula kwa kawaida inakatwa asilimia 14, na Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani wa kukuokoa. Chuo kikikupa chumba badala ya fedha taslimu, asilimia hizo unaweza kuletewa kama bili. Halafu kuna fomu 1040-NR (ya kodi kwa mgeni) na 8843 (ya kueleza siku ulizokaa Marekani).

Nilimwomba anitumie barua yake. Kanitumia ukurasa wa kwanza, wenye nembo na jina lake kwa herufi kubwa. Nasubiri wa pili.