Barua ya msaada wa fedha: kipi ni bure, kipi ni deni

Umeuliza kama kiasi chote kilichoandikwa kwenye barua ya msaada wa fedha za masomo ya chuo ni chako bure. Hapana. Barua nyingi hujumlisha vitu tofauti pamoja, na hapo ndipo watu hunasa. Pitia kipengele kimoja kimoja na kalamu: ruzuku na ufadhili havirudishwi (ila ukiacha masomo katikati ya muhula, huenda ukadaiwa sehemu), mkopo unarudishwa, na riba juu.

Sasa angalia riba inaanza lini. Wengi hutazama asilimia tu. Tuseme umekopa 1,000,000 kwa riba ya 8% kwa mwaka, inayohesabiwa tangu siku ya kupokea. Miaka 4 ya masomo inazaa 320,000. Ukihitimu, riba hiyo ikiunganishwa na deni la msingi, unaanza na 1,320,000, na riba ya mwaka unaofuata ni 105,600 badala ya 80,000. Ukiweza kuilipa riba peke yake ukiwa bado chuoni, deni la msingi halivimbi.

Tena si lazima uchukue mkopo wote uliopangiwa. Kopa pengo tu: ada na matumizi, ukitoa ruzuku na ufadhili.

Fedha zikichelewa, kagua majina kwanza. La kitambulisho, la cheti na la akaunti ya benki yafanane. Herufi moja tu inaweza kukwamisha malipo. Na ufadhili wa mwaka wa kwanza usiuhesabie mwaka wa pili kabla hujasoma sharti la alama.