Benki Kuu (BoT) imeshusha riba, mbona benki bado wananiambia 15?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na mume wangu tumepata nyumba hapa Dodoma, benki wamekubali kutupa milioni 60 kwa riba ya asilimia 15, miaka 15. Sasa nilisikia Julai 2025 BoT walishusha riba kutoka 6 hadi 5.75, hiyo 15 inatoka wapi? Tusubiri ishuke au tuchukue tu?
Mama wa wawili, Dodoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ile 5.75 sio riba ya mimi na wewe, ni ya Benki Kuu kuongoza bei ya hela pale mabenki yanapokopeshana yenyewe kwa yenyewe, tena hela za siku chache tu. Wewe unataka hela ya miaka 15 wakati hela nyingi za benki ni akiba za watu wanaoweza kuja kuzitoa kesho asubuhi, ndo hapo wanapandisha, na hofu ya mtu kushindwa kulipa wanaiweka humo humo. Kuna kampuni inaitwa TMRC, ilianzishwa 2010 kwa tatizo hilo hilo, inayakopesha mabenki hela za muda mrefu yatoe mikopo ya nyumba, imesaidia ila riba bado inauma. Kwahiyo kukaa unasubiri hiyo robo asilimia ikufikie sikushauri.

Kinachoninyima raha mimi ni hiyo miaka 15. Chukua kalamu. Milioni 60 kwa 15, rejesho lako ni kama 840,000 kwa mwezi, na mwezi wa kwanza 750,000 yote ni riba, yani deni linapungua 90,000 tu!! Ukimaliza umelipa kama milioni 151. Ukichukua miaka 10 rejesho linakuwa kama 968,000, jumla milioni 116. Laki na ishirini na nane za kila mwezi zinakuokolea milioni 35, hiyo si ada ya watoto kabisa? Kama mshahara unaruhusu, na usijikaze mpaka mlale njaa, omba miaka 10.

Hesabu hiyo ni kama riba inapigwa kwenye deni linalobaki. Wakikwambia inapigwa kwenye milioni 60 zote mpaka mwisho, kimbia. Waulize pia kama hiyo 15 inaweza kupanda katikati, maana kuna mikataba inayoruhusu, na ukipata hela ukataka kumaliza mapema wanakukata kiasi gani. Majibu yawe kwenye karatasi sio mdomoni.

Hati mkaihakiki ofisi ya ardhi kabla hamjatoa hata advansi. Na ikiandikwa jina la mmoja wenu, mwingine lazima atoe ridhaa ndo iwekwe rehani, Sheria ya Ardhi ya 1999 inakulinda hapo, kwahiyo usisaini ridhaa hujausoma mkataba wote, hata kama afisa mikopo anaangalia saa.